Maji hayaondoi virusi: usiache dawa zako

Je, umeambiwa kuwa maji hushika "mawimbi" ya ugonjwa na kuuponya? Usidanganyike.

Profesa Luc Montagnier wa Ufaransa alishiriki kugundua virusi vya UKIMWI mwaka 1983, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mwaka 2009 aliandika kwamba vinasaba, yaani DNA, vya bakteria vikichanganywa na maji mengi sana hutoa mawimbi ya sumaku na umeme. Wanasayansi wengi walimpinga, na jambo hilo halijathibitishwa. Hata msomi mkubwa hukosea.

Afrika Mashariki tunajua hasara ya kukimbilia tiba isiyothibitishwa. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi. Baadhi waliacha ARV, wakazidiwa.

ARV hazimalizi virusi, bali huvizuia kuzaliana. Ukiziacha, vinaongezeka tena, na vinaweza kuwa sugu.

Wewe wa Rhino Camp, Imvepi au Lobule, ukiambiwa uache vidonge, muulize kwanza mhudumu wa kituo cha afya. Hospitali za serikali za Arua na Koboko pia hutoa ARV bure.

Maji safi yana kazi yake: kunywa, kunawa mikono na kumezea dawa.