Spea ya randa kuukuu: gharama iko wapi?

Seremala wa Butembo, mashariki mwa Kongo, ambaye mashine yake ya randa imesimama huanza kwa kuuliza bei ya spea. Bei ingefaa iulizwe mwisho. Kwanza ajue kama kifaa kilichovunjika kina kipimo kinachotumika dunia nzima, au kilitengenezwa na kiwanda kimoja kwa mashine ile tu. Hapo ndipo inapoamuliwa kama atalipa dola chache mjini au zaidi ya mia kwa chuma kinachoenea kiganjani.

Beringi ni rahisi. Futa grisi kwa kitambaa chenye petroli, utaona namba ubavuni. 6205 ni tundu la mm 25, kipenyo cha nje mm 52 na unene mm 15, iwe imetoka Ujerumani, Japani au China. Tarakimu mbili za mwisho zikiwa 04 au zaidi, zizidishe kwa 5 upate tundu: 6204 ni mm 20, 6206 ni mm 30. Beringi za ukoo huo zimo kwenye pikipiki, mota na pampu za maji, kwa hiyo usikimbilie kuagiza nje kabla ya kupita madukani. Mikanda pia ina vipimo vyake: A ina upana wa mm 13, B mm 17.

Puli zinahitaji uangalifu. Mota ya mizunguko 2,850 kwa dakika yenye puli ya mm 140 huzungusha shafti ya visu yenye puli ya mm 80 karibu mara 4,990. Ukifunga ya mm 60 kwa sababu ndiyo iliyopatikana, shafti inapanda hadi 6,650. Visu vikichomoka kwa kasi hiyo vinaua. Afadhali mashine ikae wiki nzima bila kazi.

Taabu kubwa iko kwenye gia za kuvutia mbao. Kiwanda kama Guilliet cha Auxerre, Ufaransa, kilishafungwa zamani, na mashine zake zimeishi kuliko kiwanda chenyewe. Lakini gia iliyovunjika huwa na maelezo ya kutosha ndani yake. Pima kipenyo cha nje, hesabu meno, ongeza 2, kisha gawanya kipenyo kwa jumla hiyo. Kipenyo cha mm 66 na meno 20 ni 66 kwa 22, yaani moduli 3, ambayo fundi wa kuchonga gia anaifahamu. Kwa kipenyo hichohicho, meno yakiwa 24 na jibu likawa karibu 2.54, gia hiyo ni ya inchi, na kikata cha milimita kitaiharibu.

Sasa fedha, kama gia itaagizwa nje. Bei hizi ni za kufanyia hesabu tu. Gia ya dola 40 inaagizwa Ulaya na usafiri ni dola 90. Thamani ya forodha ni 130, kwa sababu usafiri nao hutozwa. Tuseme ushuru ni asilimia 5: inakuwa 136.50. Juu yake kodi ya TVA ya Kongo, asilimia 16, na jumla inafika 158.34. Chuma chenyewe ni robo tu ya fedha hiyo, na bado hujalipa wakala wala gari.

Gari nalo lina safari yake. Mzigo wa meli unaoshukia Mombasa hupita Nairobi, Kampala na mpaka wa Kasindi, zaidi ya km 1,600 hadi Butembo. Kasindi hadi Beni ni km 80, Beni hadi Butembo km 54. Vipande hivyo viwili vimo katika mpango wa barabara ambao Uganda na Kongo zilikubaliana mwaka 2021, na kile cha Kasindi kimeshambuliwa mara nyingi na waasi wa ADF. Dereva anayengoja njia iwe salama anangoja na mzigo wako, huku karakana haiingizi kitu. Kama faida ni dola 10 kwa siku, siku 30 za kungoja ni dola 300, karibu mara mbili ya gia iliyokwisha kutozwa kodi.

Rudi kwenye hesabu, safari hii maseremala watano wakiagiza gia zao katika katoni moja. Gia ni dola 200, usafiri tuseme umepanda hadi 130, jumla 330. Weka ushuru na TVA ileile: 401.94. Kila mmoja analipa karibu dola 80, nusu ya yule aliyeagiza peke yake, na hakuna aliyeomba punguzo la bei kiwandani.

Kwa hiyo, maseremala wa Butembo na Beni, msingoje kitu kivunjike. Jumapili moja fungueni mashine ikiwa nzima. Andikeni namba za beringi, herufi na urefu wa mikanda, vipenyo vya puli, idadi ya meno ya kila gia, na urefu, upana na unene wa visu. Pelekeni karatasi hizo kwenye chama chenu, muone nani ana mashine inayofanana na ya nani. Mkiagiza, agizeni pamoja, na kila gia iagizwe mbili, moja iwe ya akiba.