Kadi ya Mzee: Kuandikishwa Si Kulipiwa

Mwezi huu sitaandika juu ya shinikizo la damu wala kisukari, ingawa hayo ndiyo yanayowaleta wazee wengi hospitalini kwetu. Nataka tuzungumze juu ya bima ya matibabu ya wazazi wetu. Nina deni kwenu katika jambo hili, na nitaanza kwa kulikiri.

Mwishoni mwa mwaka 2024, NHIF tuliyoizoea tangu 1966 ilikuwa imekwisha kufungwa. Mahali pake palikuwa pameshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote tunaiita SHA, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba. Baba Paroko aliniomba niseme machache baada ya Misa. Nikasimama nikawahimiza wazee wote wajiandikishe. Nilisema, "Mkishajiandikisha mtatibiwa." Watu walinipigia makofi, na wajukuu wakatoa simu zao palepale nje ya kanisa, wakabonyeza *147#, wakawaandikisha nyanya na babu zao. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Kumbe nilikuwa nimesema nusu tu ya neno.

Miezi michache baadaye aliletwa wodini mama mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 70. Aliteleza usiku akienda chooni, akavunjika mfupa wa nyonga. Aliposikia karani akisema kwamba mchango wake haujalipwa, alinigeukia akasema, "Sista, si wewe uliyesimama kanisani?" Sikuwa na jibu.

Mwanawe wa kwanza, afanyaye kazi Nairobi, alitwambia kwa simu tusiwe na wasiwasi, mama yuko katika kadi yake, kwani yeye hukatwa mshahara kila mwezi. Hakuwamo. Nambari ya simu iliyoandikishwa ilikuwa ya mjukuu aliyekwisha kubadilisha laini. Maswali ya kukadiria mchango hayakuwa yamejibiwa. Hadi mambo hayo yanyooshwe na fedha zipatikane, siku 4 zilikuwa zimepita. Asiyewahi kuuguza mzee atadhani siku 4 ni kidogo. Mtu aliyevunjika nyonga hulala chali, hawezi kujigeuza. Ngozi ya makalio na visigino huanza kuchubuka, makohozi hujaa kifuani, damu huweza kuganda miguuni. Ndiyo maana daktari hupenda afanyiwe upasuaji ndani ya siku 2 ikiwezekana. Mama huyo alipasuliwa salama, lakini kidonda cha mgongoni alichokipata akingoja kilimweka wodini muda mrefu kuliko mfupa wenyewe.

Vyungu vitatu

Basi leo niseme ile nusu ya pili. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliweka hazina tatu. Mimi huwaeleza wazee kwamba ni vyungu vitatu jikoni.

Chungu cha kwanza ni cha zahanati na vituo vya afya. Hiki hujazwa na Serikali. Mzee aliyejiandikisha SHA, hata kama hajalipa senti moja, ana haki ya kutibiwa bila malipo katika zahanati au kituo cha afya chenye mkataba na SHA. Kwa mzee wa kikohozi, wa malaria, au wa kupimwa shinikizo kila mwezi, hili ni jambo kubwa. Wengi hulipita wakaja moja kwa moja hospitalini kwetu, wakapanga foleni tangu alfajiri, kisha wakatozwa. Anzeni na zahanati ya karibu.

Chungu cha pili ni cha hospitali: kulazwa, kupasuliwa, kusafishwa damu kwa mgonjwa wa figo, matibabu ya saratani. Hapa kuandikishwa peke yake hakutoshi. Chungu hiki hujazwa na michango yetu sisi wenyewe, na asiyechanga hapakuliwi. Hapa ndipo mama yetu alipokwama, na hapa ndipo niliponyamaza siku ile kanisani.

Chungu cha tatu ni cha magonjwa mazito, kama saratani na figo, pale kiwango cha chungu cha pili kinapokwisha. Hiki nacho ni cha Serikali, lakini kwa magonjwa hayo hukifikii ila kwa kupitia cha pili.

Mchango ni kiasi gani?

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Mzee asiye na mshahara huulizwa maswali: nyumba ina ukuta gani na paa gani, maji yanatoka wapi, mnapikia nini, mifugo ni mingapi. Kutokana na majibu hayo hukadiriwa mchango wa nyumba yake. Hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, nao hulipwa wa mwaka mzima kwa mara moja. Maana yake, kiwango cha chini kabisa ni shilingi 3,600 kwa mwaka.

Nawaomba sana, maswali hayo yajibiwe mzee akiwa hapo hapo, tena kwa ukweli. Nimeona kijana akimjibia nyanya yake kutoka mjini, akaeleza nyumba anayopanga yeye, yenye umeme na maji ya mfereji, na nyanya akakadiriwa kama mtu wa mjini. Mkiona kiasi kilichokadiriwa hakilingani na hali yenu, nendeni ofisi ya SHA ya kaunti, mwombe kipitiwe upya. Msikae kimya mkinung'unika.

Sasa lile la "mtoto wangu ameniweka kwenye kadi yake." Nalisikia kila wiki, na karibu kila mara si kweli. Kadi ya mwanao humfunika yeye, mkewe au mumewe, na watoto wanaomtegemea. Baba na mama wanahesabiwa kuwa nyumba nyingine. Mwana mwema anaweza kuwalipia wazazi, na afanye hivyo, lakini kwa majina yao na nambari zao wenyewe. Mtu na mkewe ni nyumba moja, kwa hiyo mchango mmoja huwatosha wote wawili, mradi wote wameandikishwa na kuunganishwa. Mumewe akifariki, mjane asikae hadi siku ya kuugua ndipo ajue jina lake limesimama wapi.

Wastaafu nao wajihadhari. Mwalimu aliyestaafu alizoea kukatwa bila hata kufikiri. Siku mshahara unapokoma, makato nayo yanakoma. Mimi mwenyewe miaka yangu ya kustaafu inakaribia, na nimekwisha kuiandika tarehe hiyo ukutani karibu na kalenda.

Wengine huniambia, "Mimi napokea Inua Jamii, kwa hiyo Serikali imenilipia." Si lazima iwe hivyo. Zile shilingi 2,000 za kila mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi ni msaada wa kujikimu. Sheria inasema Serikali itawalipia wasiojiweza, na Oktoba 2025 Serikali ilizindua mpango wa kuwalipia baadhi yao, lakini walengwa huchaguliwa, na si kila mzee yumo. Usikisie. Uliza kama jina lako limo. Kama halimo, hesabu mwenyewe: mchango wa chini wa mwaka haufiki fedha za Inua Jamii za miezi 2.

Na bima za kampuni binafsi? Mwenye uwezo anaweza, lakini nyingi zina mpaka wa umri, na anayeingia uzeeni hutozwa ghali. SHA haimkatai mtu kwa sababu ya miaka yake wala ugonjwa alio nao tayari. Kwa hilo naisifu, pamoja na matatizo yake yote.

Ndugu wakiwa 5, shilingi 3,600 ni shilingi 720 kwa kila mmoja kwa mwaka mzima. Huwa twachanga zaidi ya hizo kwa ajili ya kreti za soda za matanga. Uko pia mkopo uitwao Lipa SHA Pole Pole kwa asiyeweza kutoa fedha zote mara moja, ila uliza kwanza utarudisha kiasi gani. Pale watoto wanapogombana nani alipe, mimi nashauri jambo hili lisemwe mbele ya mzee mwenyewe, naye ajue nani amebeba mzigo gani. Wazee wengi huficha maumivu wakidhani watakuwa mzigo. Nimewapokea wamechelewa.

Mambo mawili madogo yanayokwamisha watu mapokezini. Kwanza, nambari ya simu iwe ya simu inayolala nyumba moja na mzee, kwa sababu ujumbe wa SHA hutumwa huko, hata kama ni kabambe ya tochi. Pili, vidole. Mashine husoma alama za vidole, na vidole vya mtu aliyelima miaka 50 vimelainika kama jiwe la mtoni. Usiku wa kuamkia safari, osheni mikono ya mzee kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mpake mafuta ya kawaida, asubuhi mfute vizuri. Mara nyingi hufaulu.

Kuanzia mwezi huu, kila Jumapili ya kwanza baada ya Misa ya pili, nitakuwa chini ya mwembe ulio nyuma ya ukumbi wa parokia pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji. Tutaangalia jina moja moja: limeandikishwa, limekadiriwa, limelipiwa hadi lini. Njoo na kitambulisho, simu iliyoandikishwa, na mwanao mmoja anayejua mambo ya nyumbani. Yule mama wa nyonga sasa anatembea kwa fimbo, na ameniahidi kuwa wa kwanza kwenye foleni.