Meli Ikifunga Gati Malindi, Mgeni Umpeleke Wapi?

Ijumaa moja ya mwezi wa pili, wakati wa likizo, nilikuwa nje ya geti la bandari ya Malindi nikimsaidia ami yangu. Yeye ni mwongoza watalii mwenye leseni, mie ni mbeba chupa za maji. Meli kubwa ilikuwa imefunga gati tangu alfajiri. Wakatujia akina mama wawili, ndugu wa tumbo moja, wakasema hawataki maduka wala fukwe. Wanataka kwenda mahali pa utamaduni wa wenyeji. Ami akanigeukia: "Haya msomi, chagua wewe. Mie nitaongoza."

Nikajibu haraka: Kizimkazi. Pale Dimbani pana msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Ukongwe gani tena zaidi ya huo? Tukapanda gari saa 4:30 asubuhi, tukashika njia ya kusini.

Nilikuwa nimesahau jambo moja tu: siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Tulifika watu wanaingia kwenye sala. Wageni wakakaa kivulini nje, wametulia, hadi saa 7 na robo. Wakaangalia msikiti dakika kumi, tukageuza gari. Tulirudi getini saa 8:50, na meli ilikuwa imewaambia mwisho wa kupanda ni saa 9. Njiani mmoja wao aliniuliza kwenu ni wapi. Nikamwambia Malindi, nyuma ya bandari. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe asubuhi tulipita mlangoni kwenu."

Wallahi niliona haya. Nimeandika makala hii kwa sababu wengi wetu chuoni tunapata vibarua msimu wa meli, au tunaombwa na jamaa kutoka bara tuwatembeze mji kwa siku moja. Kuchagua pa kwenda kunataka kufikiriwa, na mie nilijifunza kwa kukosea.

Kwanza, wenyeji ni nani?

Abiria wa meli huja na picha kutoka bandari nyengine. Ketchikan, kule Alaska, mgeni huonyeshwa nguzo ndefu za kuchongwa za Watlingit na majirani zao, na anaambiwa wazi kwamba hii ni jamii ya asili ya hapa. Akishuka Malindi hutafuta kitu kama hicho. Mara nyingi huishia kupiga picha na kijana wa Kimasai mwenye shuka jekundu, akaondoka anaamini amemwona mwenyeji wa Unguja. Kijana yule ni Mtanzania mwenzetu anayetafuta riziki, lakini kwao ni bara.

Kwetu jibu halipo mahali pamoja. Wapo Wahadimu wa kusini na mashariki, na Watumbatu wa kaskazini, waliokuwa na watawala wao kabla masultani wa Oman hawajahamia hapa. Na wapo watu wa Mji Mkongwe, ambao bibi mmoja wa babu alitoka Hadhramaut, mwengine Ngazija, mwengine Kachchh, na wote leo wanagombana kwa Kiswahili. Mgeni aelezwe hivyo tangu mwanzo. Akielewa, hata hatua mia za kwanza nje ya geti zitamwonyesha kitu.

Pili, hesabu saa kutoka mwisho

Usianze na saa meli inayofika. Anza na saa ya mwisho ya kupanda, toa saa nzima ya dharura, kisha toa muda wa kushuka, maana foleni gatini huwa ndefu. Mgeni aliyeambiwa "siku nzima Zanzibar" mara nyingi hubakiwa na saa nne au tano za kweli. Kizimkazi, kwenda na kurudi, inakula zaidi ya nusu yake ndani ya gari.

Kwa miguu unapata mengi zaidi. Ng'ambo ya barabara kutoka bandarini pana Dispensari ya Zamani, yenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, ambaye alifariki mwaka 1891 kabla ya kuiona ikifanya kazi. Ukiingia vichochoroni utauona Msikiti wa Mnara wa Malindi, miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya mji. Mnara wake una umbo la pia, na minara ya namna hiyo ni ya kuhesabu katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Asubuhi mapema soko la samaki liko karibu, na mnada wake ni darasa la Kiswahili peke yake. Kisha Kiponda, kisha Darajani, soko la tangu mwaka 1904.

Mgeni aking'ang'ania shamba, mpeleke Dunga, katika njia ya Chwaka, mwendo wa nusu saa hivi. Pale pana magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmad, aliyefariki mwaka 1865. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa Wahadimu wakati Sultani anatawala mjini. Ngoma zake na siwa yake zilihifadhiwa katika makumbusho ya mjini. Ukitafuta utawala wa wenyeji wenyewe, uliokuwepo sambamba na ule wa Kiarabu, ni pale. Watalii wachache hufika, na nasikitika kusema wanafunzi ni wachache zaidi.

Tatu, uliza pahala ni pa nani na leo ni siku gani

Msikiti ni wa wanaosali. Ijumaa mchana usiupange kabisa. Ramadhani, mgeni aelezwe kabla hajatoka getini asile wala asinywe njiani. Mabega na magoti yafunikwe, na hilo si la msikitini tu, ni la mtaani. Picha ya mtu huombwa. Bibi yangu aliwahi kupigwa picha akianika nguo, na mpaka leo anauliza ile picha iko kwa nani.

Nne, usiuze hadithi usiyoiamini

Hili ndilo gumu. Kila mgeni hufika Mkunazini, na ni haki. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo ujenzi wa kanisa la Kianglikana ukaanza palepale. Lakini vile vyumba vya chini tunavyowaonyesha watu kuwa ndimo watumwa walimofungiwa, jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaohoji maelezo hayo. Mwambie mgeni hivyo. Utumwa ulikuwepo, ushahidi wake ni mwingi, hauhitaji chumvi yetu. Tukikamatwa na uongo mdogo, tutakuwa tumempa mtu sababu ya kukataa ukweli mkubwa.

Vilevile ziara ya viungo. Ni nzuri, lakini mkarafuu haukuota hapa wenyewe. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19, na mashamba yake yalilimwa kwa jasho la watumwa. Mwongozaji akimaliza kwa kofia ya makuti bila kulisema hilo, ametoa nusu ya somo.

Tano, pesa inabaki wapi?

Ziara zinazouzwa ndani ya meli hulipiwa hukohuko. Kwa hiyo ukiwa na uchaguzi kati ya vituo viwili, nenda pale ambapo mgeni atatoa mkononi: kahawa ya baraza, mkoba wa ukili kwa aliyeusuka, mkate wa kumimina kwa aliyeupika, kiingilio katika makumbusho yaliyo wazi siku hiyo. Na kama huna leseni ya Kamisheni ya Utalii, fuatana na mwenye nayo. Usijifanye papasi.

Wiki mbili baada ya ile Ijumaa ilikuja meli nyengine. Safari hii tulikuwa na mzee mmoja na mjukuu wake. Tulitembea dispensari, mnara, soko la samaki, Kiponda, halafu nikaenda mbele kumwomba bibi ruhusa. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Wangapi?" akauliza.

"Wawili, bibi."

"Na wale wa juzi uliwapeleka wapi?"

"Kizimkazi."

"Siku ya Ijumaa?" Akatikisa kichwa. "Haya, walete. Lakini picha wasinipige."

Wakakaa barazani karibu saa nzima. Mzee alikunywa kahawa vikombe vitatu, na mjukuu akafundishwa kuhesabu hadi kumi. Saa 8 tulikuwa tumeshafika getini, kwa miguu.