Kukagua Nyaya za Umeme kwa Ndege Nyuki

Ndugu wasikilizaji wa Segerea, mnazijua nguzo ndefu za chuma zitokazo Kinyerezi, kwenye mitambo ifuayo umeme kwa gesi. Ziko nyaya za volti 220,000. Je, kiungo kikilegea huko juu, nani atakiona?

Desturi ni fundi kupanda, naye akiteleza ni kifo. Siku hizi nchi nyingi hurusha ndege nyuki, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, yenye kamera ya kuonyesha joto. Umeme hupita kwa shida katika kiungo kilicholegea, nacho hupata moto. Katika picha hung'aa kuliko vingine. Hakikatwi kitu, wala umeme hauzimwi. La, lazima uwe unapita, maana bila umeme hakuna joto la kuonekana.

Fundi hupanda penye ubovu tu. Ndege haikazi nati.