Bangi ya dawa: ni nani aliyeipima?

Kuna swali linalozunguka katika vikundi vyetu vya AVEC, zaidi pale wauza samaki wanapokutana asubuhi wakingoja mitumbwi. Linaulizwa kwa sauti ya chini. Je, ni kweli kwamba bangi imekuwa dawa, na kwamba huko ng'ambo watu wanainunua dukani kama sukari? Wengine wamelisikia jambo hili kwa ndugu walio Kanada. Wengine wamelileta kutoka Kasese, wakisema bangi inalimwa kule na serikali inajua. Na mama mmoja ambaye mtoto wake anaanguka kifafa alituuliza jambo zito zaidi: kuna kijana anayemletea chupa ndogo ya mafuta, anasema ni ya bangi iliyopimwa labo. Je, ampe mtoto?

Tumeona heri tulijibu waziwazi, kwa sababu mama anayeogopa kuuliza kwetu ataenda kumuuliza yule anayeuza.

Tuanze na yale ambayo ni kweli. Kanada iliruhusu uuzaji wa bangi tarehe 17 Oktoba 2018. Mtu mzima anaingia katika duka lenye ruhusa ya serikali, anaonyesha kitambulisho, ananunua. Katika majimbo mengi lazima awe na miaka 18 au 19. Quebec, ambako ndugu zetu wengi wanaishi kwa sababu ya Kifaransa, ni miaka 21. Lakini wanaotuhadithia wanaanza na mlango wa duka, na kazi kubwa inafanyika kabla ya mlango huo. Bangi inapovunwa, sehemu yake inapelekwa labo. Wanatafuta kama kuna dawa ya kuua wadudu iliyobaki, kama kuna madini mabaya kama risasi, kama kuna ukungu na vijidudu. Kisha wanapima nguvu yake. Ndani ya bangi kuna vitu vingi, na viwili ndivyo vinavyotajwa sana: THC, kile kinacholewesha, na CBD, ambacho hakileweshi. Kiasi cha kila kimoja kinaandikwa kwenye pakiti pamoja na onyo la afya, na kifuniko kinatengenezwa ili mtoto asiweze kukifungua. Kuna pia namba ya mzigo. Kosa likionekana baadaye, namba hiyo inaonyesha ni pakiti zipi zirudishwe na ni nani atakayejibu.

Basi neno "imepimwa" lina watu wengi nyuma yake: mwenye mashine, mwenye muhuri, mwenye duka ambaye anaweza kufungiwa. Ukiwaondoa hao, neno linabaki mdomoni mwa anayeuza.

Sasa Kasese. Ndugu zetu Wakonzo, ambao lugha yetu na yao ni moja, hawakusema uongo. Upande wa Hima, kule kunakotoka saruji tunayojengea, kampuni moja ilipewa kibali cha kulima bangi ya dawa. Ililimwa ndani ya nyumba maalum zilizofungwa, kwa ajili ya kuuzwa nje ya nchi. Haiuzwi sokoni Bwera wala Mpondwe. Mkonzo wa kawaida akikamatwa na bangi yake mfukoni, sheria ya Uganda inamwadhibu kama zamani. Rwanda nayo ilikubali mwezi wa 10 mwaka 2020 kulima bangi ya dawa ili kuiuza nje, na ikasema palepale kwamba wananchi wake hawaruhusiwi kuitumia ovyo. Kwa hiyo anayerudi kutoka Kasindi akisema "imeruhusiwa" ameleta nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayouza chupa.

Kwetu Kongo sheria inaikataza. Hakuna duka lenye ruhusa Butembo, hakuna Beni, na kwa hakika hakuna hapa Kyavinyonge kati ya vibanda vya samaki na maegesho ya motari. Hivyo yeyote anayekuambia kwamba mafuta yake ya bangi yamepimwa, muulize yalipimwa wapi, na akuonyeshe karatasi. Tunajua atakachojibu.

Pengine mwingine atasema: mnatutisha bure, mmea ni mmea, babu zetu waliujua. Tusikilize yaliyotokea Marekani mwaka 2019. Kule baadhi ya majimbo yana maduka yenye ruhusa, lakini wengi walikuwa wananunua kwa rafiki au kwa mtu wa barabarani, mafuta ya bangi ya kuvuta kwa kifaa cha umeme. Wauzaji hao walikuwa wanaongeza mafuta mengine ya vitamini E ili mzigo uwe mwingi, kama vile mtu anavyoongeza maji katika maziwa. Ukiyameza hayadhuru, ukiyavuta yanaharibu mapafu. Hadi mwezi wa 2 mwaka 2020, watu zaidi ya 2,800 walikuwa wamelazwa hospitalini au wamekufa kwa ugonjwa huo. Waliokufa walikuwa 68. Hiyo ni nchi yenye labo kila mji.

Na kama Marekani ni mbali, Ituri ni hapa. Kuanzia mwezi wa 12 mwaka 2014, watu kule walianza kufika katika vituo vya afya shingo imepinda, ulimi umetoka, uso umekakamaa, na watoto wengi walikuwa miongoni mwao. Waganga walifikiri kwanza ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Wengine kijijini walifikiri mambo mengine, mnayajua. Mwishowe vidonge walivyokuwa wamemeza vilipelekwa kupimwa. Juu ya kopo paliandikwa diazepam, dawa ambayo kila mtu aliijua. Ndani ya kidonge mlikuwa na haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Hadi mwezi wa 8 mwaka 2015 walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 1,000. Hawakununua bangi, hawakununua kwa kijana wa kona. Walimeza kidonge chenye jina zuri, na jina lilidanganya. Kama kidonge cha kiwandani kinaweza kutufanyia hivyo, chupa isiyo na jina itatufanyia nini?

Turudi kwa mama wa mtoto mwenye kifafa, kwa maana swali lake lilikuwa la haki. Ni kweli kuna dawa ya kifafa inayotokana na bangi. Marekani iliikubali mwezi wa 6 mwaka 2018. Ni CBD iliyosafishwa, iko kama siropu, na ilikubaliwa kwa aina chache za kifafa kikali ambacho dawa za kawaida zinashindwa. Mtoto anapimwa kilo, dawa inahesabiwa kwa kilo hizo, damu inapimwa kuangalia ini, na mara nyingi anaendelea kumeza dawa zake nyingine. Chupa ya kijana haina hata moja ya hayo. Inaweza kuwa mafuta ya kupikia yenye harufu. Hiyo ingekuwa bahati. Inaweza kuwa na THC nyingi, na mtoto mdogo akiimeza analala usingizi usioamshika, na pumzi inaweza kupungua.

Lakini hatari tunayoiogopa zaidi ni nyingine. Mama huyo alikuwa anafikiri kuacha vidonge vya mtoto ili fedha itoshe kwa mafuta. Vidonge hivyo ni fenobarbitali. Ni dawa ya zamani, ya bei ndogo, iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, na kwa watoto wengi inatuliza kifafa ikiwa inamezwa kila siku bila kuruka. Ubaya wake ni kwamba haitaki kukatwa ghafula. Mtoto aliyeizoea akikosa siku kadhaa anaweza kuanguka mara juu ya mara bila kuamka katikati, na hapo ni kufa au kubaki na kilema. Kama dawa haimsaidii, au inamfanya asinzie shuleni, mrudishe kwa aliyeiandika. Anaweza kubadilisha kipimo au kumtuma Butembo. Mama alirudi santre ya afya wiki iliyopita. Kipimo kilikuwa kile alichopewa mtoto akiwa na kilo 11, na sasa ana kilo 19.

Wengine wanaiulizia bangi kwa sababu ya maumivu, kwa mfano mama mwenye saratani ya matiti au ya mlango wa uzazi ambaye halali usiku. Hapa tuangalie tena Uganda, na safari hii kwa wivu kidogo. Tangu mwaka 1993 Hospice Africa Uganda inawatunza wagonjwa wa namna hiyo kwa mofini ya maji, ya kunywa. Mofini inatoka katika mmea mkali kuliko bangi, unaoua haraka ukitumiwa vibaya. Kule wakaipima, wakaifungia kabati, wakaandika kila chupa inayotoka, na mwaka 2004 wakaruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandikia wagonjwa, ili ifike hata vijijini ambako hakuna daktari. Hivyo ndivyo mmea wa hatari unavyogeuka kuwa dawa ya maskini. Ukiwa na mgonjwa mwenye maumivu ya saratani, uliza hospitali neno hilo, mofini, bila haya. Si kila mahali ipo, lakini isipoombwa na mtu haitaagizwa kamwe.

Kwa mwenye mimba na anayenyonyesha jibu ni fupi. Bangi inapita kwa mtoto tumboni, na inapita katika maziwa. Mtoto anaweza kuzaliwa mdogo. Wanaosema inaondoa kichefuchefu cha asubuhi wasilete ushauri huo katika kikundi.

Kuhusu vijana wetu, tuseme ukweli. Ziwa saa tisa ya usiku ni baridi, na wengi walianza kuvuta ndani ya mtumbwi ili kushinda baridi na woga. Ubongo wa kijana unaendelea kujengeka hadi karibu miaka 25, na bangi ya kila siku inauharibia kazi hiyo. Wengine wanaanza kusikia sauti zisizokuwepo. Sisi hatuoni kwamba kumpeleka mtoto kasho ndiyo njia ya kwanza. Anatoka kule na deni la familia, na tabia ileile. Muuguzi, mchungaji, mjomba anayeheshimiwa, wao kwanza. Ila anayewauzia watoto wa shule, huyo hatumwombei.

Kilichobaki ni farmasi zetu wenyewe, kwa maana sehemu kubwa ya yale tunayowadai wauza bangi hatujawahi kuwadai wauza dawa. Tangu mwaka 2020 nchi yetu ina ofisi ya kusimamia dawa, inaitwa ACOREP. Farmasi halali ina ruhusa yake ukutani. Omba kuiona, si matusi. Uliza dawa zilinunuliwa wapi, kwa sababu anayenunua kwa msambazaji anayejulikana atakujibu mara moja, na anayenunua kwa motari wa usiku atakasirika. Angalia plaketi ya vidonge: kuna herufi LOT na namba ya mzigo, kuna EXP na tarehe ya mwisho. Kuna wauzaji wanaokata plaketi kwa makasi na kukupa upande usio na namba. Ukataji huo mara nyingi ni wa kusaidia tu mwenye fedha kidogo, lakini mwombe akate upande mwingine, au akuonyeshe sehemu iliyobaki. Na vidonge vilivyokaa kwenye sinia juani siku nzima kando ya sambaza na chumvi, hata kama vilikuwa vizuri vikitoka kiwandani, nguvu yao inaweza kuwa imekwisha.

Mtoto akimeza bangi au mafuta yake, au dawa yoyote isiyo yake, usimpe mafuta ya mawese wala maziwa ili atapike. Akiwa anasinzia, matapishi yanaingia katika mapafu. Mlaze kwa ubavu, mkimbize santre ya afya, chukua chupa au plaketi mkononi, na useme kweli alichomeza hata kama kilikuwa cha baba yake. Muuguzi anatafuta namna ya kumwokoa. Hana wakati wa kuita polisi.

Jumamosi hii, baada ya kuhesabu akiba, kila mama alete kikundini makopo na plaketi zote zilizoko nyumbani, hata zilizokwisha. Tumemwomba muuguzi akae nasi tuzisome moja baada ya nyingine. Wasioona vizuri herufi ndogo waje na binti anayesoma.