Albaicín: Kuta zimesalia, wenyewe wako wapi?

Kila jioni watalii hujazana kwenye uwanja wa San Nicolás mjini Granada, kusini mwa Uhispania, kupiga picha kasri ya Alhambra iliyo ng'ambo ya bonde la mto Darro. Alhambra inastahili sifa zake zote. Lakini yalikuwa makao ya masultani. Raia wa Granada, wafumaji wa hariri, wafanyabiashara, mafundi na maulamaa, waliishi upande huu wa pili, kwenye kilima ambacho watalii hao wanakipa mgongo. Mtaa huo unaitwa Albaicín, na historia yake inatuhusu sisi tunaoishi katika miji ya kale kuliko tunavyodhani.

Mwanzoni mwa karne ya 11, ukoo wa Bani Ziri, Waberberi kutoka Afrika Kaskazini, uliifanya Granada makao yake ya utawala na kujenga ngome juu ya kilima hiki. Mwaka 1238 utawala ukashikwa na Bani Nasri, nao wakaanza kujenga Alhambra. Ngome ya mwanzo ikabaki na jina la al-Qasaba al-Qadima, yaani ngome kongwe. Hilo "qadima" ndilo "kadimu" letu. Kuhusu jina la Albaicín kuna riwaya mbili. Wapo wanaosema limetokana na neno la Kiarabu la wafuga vipanga wa kuwindia, na wapo wanaolinasibisha na wakimbizi wa mji wa Baeza waliohamia hapo mji wao ulipotekwa katika karne ya 13.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa nyumba za Albaicín msemo huu ni kweli tupu. Kwa nje utaona ukuta mweupe usio na mapambo, na madirisha machache tena ya juu. Vichochoro ni vyembamba na vinapinda, hivyo kivuli hakikosekani. Mlango haukupeleki moja kwa moja ndani. Unaingia kwenye ujia unaokata kona, na macho ya mpita njia yanakomea hapo. Ukishapita ndipo unapokutana na ua wa wazi wenye kidimbwi cha maji, vyumba pembeni, na roshani za mbao juu. Mtu wa Lamu hahitaji maelezo zaidi, maana amekulia kwenye daka, tekani na kiwanda. Sisemi kwamba Walamu waliiga Granada, kwani nyumba zetu zina asili yake. Ila jamii mbili zilizothamini sitara zilifikia jawabu linalokaribiana.

Kuna pia suala la maji. Mfereji uitwao Aynadamar uliyaleta kutoka chemchemi ya Alfacar, nje ya mji, hadi kwenye mabirika ya chini ya ardhi yaliyotapakaa mtaani. Mengi yalijengwa ubavuni mwa misikiti, kwa ajili ya udhu na kwa ajili ya majirani. Zaidi ya mabirika 20 yangalipo hadi leo. Karibu na mto kuna hamamu ya zamani, El Bañuelo, yenye matundu ya umbo la nyota darini ya kuingizia mwanga. Na ipo Dar al-Horra, kasri ndogo ya karne ya 15 inayohusishwa na mama yake sultani wa mwisho. Maana ya jina hilo ni nyumba ya bibi mungwana.

Kama majengo yapo, tatizo liko wapi?

Tarehe 2 Januari 1492, sultani Abu Abdillahi aliukabidhi mji kwa Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella. Mkataba uliotiwa saini Novemba 1491 uliwaahidi Waislamu dini yao, misikiti yao, mali zao na sheria yao. Ahadi hiyo haikumaliza hata miaka kumi. Mwaka 1499 Askofu Mkuu Cisneros alianza kuwabatiza watu kwa nguvu, Albaicín ikaasi, na uasi huo ukafanywa sababu ya kuuvunja mkataba. Vitabu vya Kiarabu vilichomwa moto hadharani. Msikiti mkuu wa mtaa ukageuzwa kanisa la San Salvador, ambalo ua wake wa msikiti ungali unaonekana. Mnara wa msikiti mwingine ukatundikwa kengele, na leo ndio mnara wa kanisa la San José.

Sheria ya mwaka 1567 ilikwenda mbali zaidi. Ilipiga marufuku lugha ya Kiarabu, mavazi ya kienyeji na hamamu. Mzee mmoja wa mji, Francisco Núñez Muley, aliandika malalamiko akieleza kwamba mavazi ni desturi ya nchi na si dini, na kwamba hamamu ni usafi. Hakusikilizwa. Mkesha wa Krismasi mwaka 1568 vita vikazuka katika milima ya Alpujarras. Watu wa Albaicín, walipoitwa na waasi usiku ule, kwa jumla hawakuinuka. Hilo halikuwasaidia. Mwaka 1569 walikusanywa makanisani na kutawanywa sehemu nyingine za Uhispania. Kuanzia 1609 wao na wenzao, watu wapatao 300,000, walifukuzwa nchini kabisa.

Nyumba zilizoachwa nyingi zilibomoka. Waliobaki waliunganisha viwanja kadhaa na kupanda miti, ndipo yakaenea makazi yaitwayo "carmen", nyumba yenye bustani ndani ya ukuta mrefu. Jina hilo linatokana na neno la Kiarabu la mzabibu. Leo mgeni husifu bustani hizo, na ni nzuri kweli. Lakini nyingi zimeota pale palipokuwa na nyumba za majirani.

Mwaka 1994 UNESCO iliingiza Albaicín katika Urithi wa Dunia, pamoja na Alhambra iliyotangulia mwaka 1984. Mwaka 2003 ukafunguliwa msikiti mpya karibu na uwanja ule wa San Nicolás, baada ya karne tano. Hata hivyo wakazi wa sasa wana kilio kingine. Nyumba zinageuzwa za kukodisha watalii, na kijana aliyezaliwa mtaani hamudu kodi. Sheria inalinda kuta na vigae. Mpangaji hailindi.

Lamu iko kwenye orodha hiyo hiyo tangu 2001, na Mji wa Kale wa Mombasa una sheria zake za uhifadhi. Hakuna anayetufukuza kwa upanga. Sisi tunatoka kwa hiari, nyumba moja baada ya nyingine. Warithi wanashindwa kuelewana, mnunuzi anakuja na pesa taslimu, mlango wa nakshi unabaki na jina la mwenyewe linapotea.

Jambo moja la Granada lafaa tulishike. Mali za wakfu za misikiti zilipokabidhiwa makanisa, ziliandikwa kwenye madaftari, mojawapo la mwaka 1505. Kwa madaftari hayo wanahistoria wanajua leo msikiti upi ulikuwa wapi na duka lipi lilikuwa la wakfu. Waliouchukua mji ndio walioandika. Sisi bado tuna wazee wanaojua kila nyumba ilijengwa na nani, kila kichochoro kiliitwaje, na nyumba ipi ni wakfu wa msikiti upi. Kamati za misikiti na vijana wa mtaa wanaweza kuanza kazi hiyo wiki hii, kwa kalamu na daftari. Na mwenye nyumba asiyetaka iuzwe baada yake, mlango wa wakfu uko wazi angali hai.