“Ni uzee tu”: njaa ya wazee wetu ambayo hatuioni



Likizo iliyopita nilirudi Pweto baada ya miaka miwili ya kukaa Lubumbashi. Nkambo wangu alipokuja kunipokea, nilimshika mkono nikasikia mfupa. Kitenge kilikuwa kinamzunguka kiuno karibu mara mbili. Nikauliza nyumbani: “Nkambo iko mugonjwa?” Wakanijibu: “Hapana, ni buzee tu.” Tukampeleka kituo cha afya, jibu likawa lile lile. Hakuna aliyempima kilo.

Na mimi niliyesomea afya ya jamii, nilikubali! Siku ya tatu ndipo nilianza kuangalia sahani yake. Alimega bukari kidogo, akachovya kwenye sombe, kipande cha samaki akakisukuma kwa wajukuu. “Miye nimeshakula. Batoto bakule kwanza.” Hakuwa amekula. Tangu asubuhi alikuwa na chai peke yake.

Sasa tuelewane. Kuzeeka kunapunguza nyama za mwili polepole, ni kweli. Lakini mzee akipoteza kilo 2 na nusu kati ya kilo 50 ndani ya miezi sita, bila sababu inayojulikana, hiyo si hali ya kawaida. Ni alama ya hatari.

Kwa nini inawapata wao? Kwanza, mwili wenyewe: hamu ya chakula inapungua, ladha inafifia, meno yanatoka. Pili, mahitaji hayapungui kama tunavyofikiri. Mzee anakula kidogo, lakini wataalamu wengi wanashauri apate gramu 1 ya protini au zaidi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 45 anahitaji gramu 45. Bukari ya muhogo inajaza tumbo, lakini protini yake ni kidogo sana. Ndiyo maana “mumpe bukari mingi” si dawa.

Tatu, mfuko. Watu wa rika la nkambo walipoteza mengi Desemba 2000, vita vilipofika Pweto na maelfu wakavuka kwenda Zambia. Nguvu za kulima upya zimeisha. Na kila mwaka, kuanzia Desemba, uvuvi wa Moero unafungwa ili samaki wazae. Ni jambo jema, lakini ni wakati huo huo wa mvua ambapo mahindi mapya bado yako shambani. Samaki anapanda bei, akiba ya unga inakwisha. Nani anaacha kula wa kwanza? Yule anayesema ameshakula.

Mbona hatuwaoni? Kwa sababu tumezoea kutafuta utapiamlo kwa watoto. Ile kamba ya rangi ya kupimia mkono wa mtoto kila mtu anaijua: chini ya santimita 11 na nusu, hatari kubwa. Mzee naye anaweza kupimwa mkono, na inafaa zaidi kuliko kutafuta urefu wa mtu ambaye mgongo umepinda. Katika kazi za dharura, mkono wa mzee ulio chini ya santimita 21 unahesabiwa kuwa dalili ya utapiamlo.

Kuna utafiti uliofanywa kwa wakimbizi wazee wa Rwanda huko Karagwe, Tanzania, miaka ya 1990. Watafiti waliwapima uzito, kisha wakapima nguvu ya kiganja. Waliokonda sana walikuwa na kiganja dhaifu, hata ukiweka umri pembeni. Fikiria maana yake: kiganja dhaifu hakikamati jembe, hakibebi bidoni ya maji. Njaa inaleta udhaifu, udhaifu unaleta njaa.

Jirani zetu wamejaribu njia. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 kwenda juu shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kenya ikafuata mwaka 2018 na shilingi 2,000 za kwao. Kwetu, pensheni ni ya aliyekuwa na kazi ya mshahara. Mama aliyelima na kukausha samaki maisha yake yote hana chochote.

Wakati tunadai hilo, nyumbani tunaweza kuanza. Mimi nilifanya hivi: chisense wakavu wakatwangwa wakawa unga, vijiko viwili kwenye uji asubuhi. Karanga za kutwanga ndani ya sombe. Chakula kidogo mara nne, badala ya sahani moja kubwa. Na sahani yake ikawa yake peke yake, mtu mzima akikaa naye mpaka amalize. Nilipoondoka, baada ya wiki tano, alikuwa ameongeza kilo moja na nusu. Hajarudi kuwa kama zamani. Lakini alinisindikiza mpaka barabarani bila fimbo.

Mwezi huo huo tulizika mzee wa jirani. Pale matangani watu walisema: “Ni buzee.” Nilinyamaza, kwa sababu sikuwa nimempima. Hicho ndicho kinachoniuma.

Ndugu zangu, ukirudi nyumbani likizo hii, usiulize nkambo kama amekula. Kaa karibu naye, uangalie sahani.